Maji ya Kuoga Bado Yana Kazi

Leo naongelea choo. Msicheke, ni siasa hii.

Oktoba 2022 Dar iliingia kwenye mgao baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua. Sisi wa maghorofani tulifanya nini? Tuliita boza. Halafu maji hayohayo ya kununua tukayaflashi chooni, huku ya kuoga na kufulia yakishuka bure kwenye bomba la maji taka. Uswahilini maji ya kufulia ndiyo yanayosafisha choo. Ghorofani hata ukitaka huwezi, bomba la kushusha ni moja.

Tupige hesabu. Magomeni Kota wamejengewa watu nyumba 644. Weka watu wanne kila nyumba, kila mtu aflashi mara nne, lita sita kila mara. Ni zaidi ya lita 61,000 kwa siku, yaani boza sita za lita elfu kumi.

Dawa yake ipo. Bomba moja libebe ya choo na jikoni. La pili libebe ya bafuni na kufulia, yachujwe, yatiwe dawa, pampu iyapandishe kwenye tanki la vyoo peke yake. Si ya kunywa, kwa hiyo bomba lake lipakwe rangi tofauti. Na yasilale bila kusafishwa, yatanuka. San Francisco, Marekani, majengo mapya makubwa yanalazimishwa kufanya hivi tangu 2015.

Kwa jengo la zamani ni kuvunja kuta, gharama kubwa. Kwa jipya ni mstari mmoja zaidi kwenye ramani. Na ramani inapita halmashauri kuombewa kibali! Sura ya 288 inazipa halmashauri za miji mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Hatuhitaji kusubiri Bunge.

Kuna kamanda ataniuliza, "Si tunaibebea Serikali mzigo wake?" Hapana. Kuleta maji bombani ni wajibu wao, tutaendelea kuwadai. Ila anayejenga ghorofa la kupangisha naye abanwe, maana bili ya boza hailipi yeye, anailipa mpangaji.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Twende kwenye kijacho, na tumwombe diwani wetu alete hoja hii: bila mabomba mawili, ghorofa jipya lisipate kibali.