Mali ya Marehemu na Daftari la Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nachingwea na Ruangwa



Mwanachama amepeleka korosho ghalani na kupewa stakabadhi. Kabla ya fedha za mnada kulipwa, amefariki dunia. Matanga yakiisha, kaka yake anamwendea katibu na stakabadhi mkononi, akitaka namba ya akaunti ya marehemu ifutwe, iandikwe yake. Kesho yake anakuja mpwa, akidai kwamba kwa desturi ya Wamwera mali ya mjomba ni yake. Mjane yuko nyumbani na watoto, wala hajaulizwa neno. Katibu afanye nini?

Asibadilishe chochote. Stakabadhi huonyesha ni nani aliyeleta korosho. Haimfanyi aliyeishika kuwa mrithi.

Mali ya marehemu huwekwa mikononi mwa msimamizi wa mirathi. Ukoo hukutana, humpendekeza mtu, na muhtasari huandikwa. Mtu huyo hupeleka maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Basi katibu adai barua ya uteuzi kutoka mahakamani, aitunze nakala yake katika jalada la mwanachama. Kuhusu hisa, asome pia masharti ya chama.

Hata hivyo, msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kuwagawia warithi kilichobaki. Katika miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa ameongezewa muda, hupaswa kuipelekea mahakama orodha ya mali na madeni yote. Akikiuka wajibu wake, mahakama yaweza kumwondoa.

Nani hurithi? Hutegemea sheria inayomhusu marehemu. Kwa sheria ya Kiislamu, mume akiacha watoto, mke hupata thumni, yaani 1/8. Asipoacha, hupata robo. Wengine huendeshwa na mila. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imebatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Tena si kila shamba la nyumba ile ni mirathi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali. Mikorosho aliyoinunua mwenyewe ni yake. Lakini akiuza korosho zake kila msimu kwa jina la mumewe, siku ya msiba atatakiwa kuthibitisha. Ajiandikishe chamani kwa jina lake.

Ndugu Makatibu, fedha iliyokwisha kulipwa kwa asiyehusika ni taabu kuirudisha, na watoto wa marehemu hawawezi kungoja msimu mwingine wale. Kalamu yenu isitangulie mahakama.