Shaba na Kobalti Katika Kalibu ya Nanomita 50



Bamba la shaba linalovuka mpaka hapa Tunduma, mkoani Songwe, limekwisha kupitia umeme kabla halijatufikia. Kule Zambia na Katanga, shaba nyingi hutolewa kwenye mawe kwa asidi, maji yake ya buluu yakatiwa kwenye matangi na kupitishwa umeme wa volti 2 hivi. Ayoni za shaba hukimbilia upande hasi, kila moja hupokea elektroni mbili na kutua ikiwa metali. Ampea 1 kwa saa 1 hutuamisha gramu 1.2 hivi, kwa kanuni aliyoitoa Michael Faraday miaka ya 1830. Siku kadhaa baadaye bamba hubanduliwa, likiwa safi kwa asilimia 99.99, likapakiwa kwenye lori au behewa la TAZARA.

Mimi nataka tuutazame umeme huohuo ukifanya kazi ndani ya kitundu cha kalibu, chenye kipenyo cha nanomita 50. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Kalibu yenyewe hutengenezwa kwa alumini. Kipande safi hutumbukizwa katika asidi ya oksaliki iliyopozwa na kuunganishwa upande chanya, kwa volti 40. Juu yake huota gamba la oksidi, nalo hujitoboa lenyewe: vitundu vilivyonyooka, vimejipanga kama sega la nyuki, nanomita 100 kutoka kitovu hadi kitovu. Sentimita 1 ya mraba huwa na zaidi ya bilioni 10. Lakini gamba la kwanza hutoka ovyo. Katika miaka ya 1990 Hideki Masuda na wenzake huko Japani walionyesha kwamba ukiliyeyusha hilo na kuanza upya, vibonyeo lilivyoviacha huliongoza gamba la pili, likatoka limenyooka.

Upande mmoja wa kalibu hupakwa dhahabu ili upitishe umeme, kisha kalibu huzamishwa katika maji yenye chumvi za kobalti na shaba, metali mbili zinazopita hapa kwetu kila siku. Hapa ndipo penye utamu. Volti sanifu ya shaba ni +0.34, ya kobalti −0.28; yenye volti ya juu zaidi ndiyo hutua kwa urahisi zaidi. Ukiishusha volti kidogo, shaba hutua peke yake. Ukiishusha zaidi, hutua zote mbili; hapo ndipo tunapojenga tabaka la kobalti, kwa zamu na la shaba. Kwa nini basi shaba isiliharibu tabaka la kobalti? Kwa sababu tunaitia kidogo sana, pengine mara 50 chini ya kobalti. Zamu ya kobalti ikifika, shaba iliyo karibu huisha upesi na ya mbali haiwahi. Kinachotua ni aloi ya kobalti yenye shaba kidogo. Ukipandisha na kushusha volti kwa zamu, unapata uzi mmoja wenye mamia ya matabaka, kutoka chombo kimoja.

Uzi huo ukisogezewa sumaku, ukinzani wake wa umeme hushuka sana. Albert Fert na Peter Grünberg waliligundua jambo hilo katika matabaka membamba mwaka 1988, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2007. Vifaa vya kusomea diski za kompyuta vililitumia. Mwaka 1994 lilionekana pia ndani ya nyuzi za kobalti na shaba.

Nikiwa Songwe siwezi kukipita Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Nacho ni aloi, chuma chenye nikeli ya asilimia 8 hadi 9. Katika kalibu zetu chuma na nikeli hutua pamoja kwa dakika chache, tena kwa namna ya ajabu: chuma, ambacho kwa volti sanifu kingengoja nyuma, hutangulia.

Naamini kwa dhati kazi hii inaweza kuanzia kwetu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni ndiyo inayoyeyusha kalibu na kuziacha nyuzi. Kikwazo kikubwa ni darubini ya elektroni ya kuzionea nyuzi hizo, maana ni ghali. Lakini ammita nayo inasema mengi. Metali inapopanda ndani ya vitundu, mkondo hutulia. Ikifika mdomoni na kufurika juu ya kalibu, eneo la kutua huongezeka na mkondo hupanda ghafla. Mwanafunzi wa Vwawa akianza na shaba tupu, akiwa na ammita, saa na daftari, ataandika sekunde ambayo vitundu vyake vilijaa, kisha kwa kanuni ya Faraday atakokotoa uzito wa shaba iliyoingia.