Mnyaa, Mbono na Nishati ya Jikoni

(Maneno ya Afisa Maliasili katika mkutano wa kata)



Nimeulizwa kama tuwakubalie hawa wanaopita vijijini na mikataba ya kupanda mimea ya nishati katika ardhi yetu kame.

Nianze na mbono kaburi. Wengi mnakumbuka tulivyohimizwa kuupanda miaka ya 2000 ili mbegu zake zitoe dizeli. Tuliambiwa unastahimili ukame, na hilo ni kweli. Lakini kustahimili si kuzaa: mbono usiopata maji huishi, ila mbegu zake huwa haba. Mimi mwenyewe nilipanda ekari moja palipokuwa na mtama. Nilivuna gunia lisilojaa, na mnunuzi aliyeahidi kurudi hakuonekana tena. Mbegu zenyewe ni sumu, hata mbuzi hukuweza kumpa.

Mnyaa je? Sisi twaujua kama ua wa boma. Kumbe miaka ya 1970 Melvin Calvin, mwanakemia wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1961, alipendekeza ulimwe kwa ajili ya utomvu wake, autoe mafuta. Siku hizi huangaliwa zaidi kwa biogesi. Mmea huu huvuta hewa usiku, wakati wa ubaridi, basi hupoteza maji kidogo. Matawi yake yakikatwakatwa na kuchanganywa na samadi na maji ndani ya mtambo uliozibwa, huoza na kutoa gesi ya kupikia. Masalia ni mbolea. Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yamekwisha kutumiwa hivyo kuzalisha umeme. Ila tahadharini: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza, hata kupofusha kwa muda. Watoto wasiukate.

Kwa hiyo minyaa ya mipakani na makorongoni naiunga mkono. Shamba la mtama lisiguswe. Wala msilete mche mgeni bila kutuuliza: wenzetu wa Baringo, Kenya, waliletewa mathenge miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, ukavamia malisho yao, hata mwaka 2006 wakaipeleka serikali mahakamani.

Ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Aliyekwisha kupewa karatasi ya mkataba ailete ofisi ya kata kabla ya kutia sahihi, tuisome pamoja.