Bustani ya Pili na Joto la Oktoba



Ukivuka mpaka pale Tunduma, ukashika njia iendayo Mpika, utakutana na mabonde mapana yaliyo tambarare, yenye majani mabichi hata wakati vilima vyote vinavyoyazunguka vimekwisha kukauka. Wenzetu wa Zambia huyaita dambo. Huko Malawi bustani zilimwazo katika mabonde ya namna hiyo huitwa dimba. Nasi huku Iringa na Njombe tunavyo vinyungu, ambavyo ni ndugu wa hizo kwa kazi na kwa asili. Mvua inapokoma mwezi wa Aprili, maji hubaki chini ya ardhi katika mabonde hayo, na mkulima huyafuata hapo hapo kwa jembe na ndoo.

Thamani ya bustani hizo ilidhihirika mwaka 2024. Tarehe 29 Februari mwaka huo, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame ulikuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimeathirika. Mwezi uliofuata, Lazarus Chakwera, aliyekuwa Rais wa Malawi wakati huo, alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Mahindi yakiisha kuungua shambani, hakuna mahindi mengine ya kungojea mpaka mwaka unaofuata. Kinachobaki kati ya familia na njaa ni bonde.

Baina ya Aprili na Novemba bonde laweza kuvunwa mara mbili. Bustani ya kwanza haina shida kubwa, maana hukua katika kipupwe. Taabu iko katika ile ya pili, nayo hupotea mara nyingi kuliko inavyostahili. Haipotei kwa uvivu wa mkulima, bali kwa kukosea tarehe.

Mjini Lusaka, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,200, joto la mchana katika Julai ni takribani nyuzi 23, na usiku baridi huuma. Ifikapo Oktoba joto hilo hupita nyuzi 30, na hewa ni kavu kama ya tanuri. Katika mabonde ya chini ya Luangwa, ya Shire huko Chikwawa na Nsanje, na ya Zambezi huko Tete nchini Msumbiji, joto la mchana hupita nyuzi 35. Mvua ya kupoza ardhi huanza Novemba, na ijapo huleta ukungu na baka, maradhi yanayoweza kuuteketeza mnyanya katika siku chache.

Sasa tuutazame mnyanya wenyewe. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usishuke chini ya 21, chavua ya ua hudhoofika, ua hukauka na kuanguka. Mmea waweza kuonekana mzima kabisa, majani yamestawi, mkulima anausifu, kumbe hautazaa. Kabichi nayo hupenda nyuzi 15 hadi 20. Ikikutana na joto kabla haijajifunga, hutoa kichwa kilegevu, na nondo wa kabichi huzaliana upesi mno katika hewa ya moto na ukavu. Mbegu ya saladi haioti vema katika udongo uliopita nyuzi 30. Italala tu, na mkulima atamlaumu aliyemuuzia.

Basi hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma, kama ifanyavyo amri ya safari ya kikosi. Kikosi kinachotakiwa kufika kivukoni alfajiri hakiulizi kitaondoka lini mpaka kwanza kijue ni saa ngapi kutoka hapo kilipo hadi mtoni. Matunda ya mnyanya yawe yamekwisha kushika ifikapo katikati ya Septemba. Kwa hiyo maua yaanze mwishoni mwa Agosti. Tangu kuhamisha miche hadi maua ni wiki 4 au 5. Miche ihamishwe basi katika wiki ya tatu ya Julai. Miche hukaa kitaluni wiki 4 katika hewa ya kawaida, lakini katika baridi ya Juni hukawia hadi wiki 6. Tunarudi hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Juni.

Hapo ndipo penye mgogoro. Katika wiki hiyo nyanya za bustani ya kwanza, zilizohamishwa Aprili, bado ni za kijani mtini. Mkulima hajauza hata debe moja. Fedha ya kununulia mbegu ya pili hana, na nafasi bondeni hana. Akili ya kawaida humwambia avune kwanza, auze, kisha apande. Akifuata akili hiyo atasia mbegu Agosti, atahamisha Septemba, na maua yake yatafunguka katikati ya Oktoba, mbele ya moto. Dawa yake si ngeni: kitalu hakidai shamba. Tuta la mita 1 kwa mita 3 pembeni mwa nyumba latosha kwa miche ya bustani ya familia, na mbegu zake ni kipimo kidogo kinachonunuliwa pamoja na zile za Machi, kabla fedha haijatawanyika.

Kuna kishawishi kingine, nacho hakitokani na umaskini bali na tamaa. Julai na Agosti nyanya hujaa sokoni hadi kuoza. Novemba hadi Januari huadimika na bei hupanda. Kila mtu anaona hilo, na kila mtu hutamani kuvuna wakati huo. Lakini bei hupanda kwa sababu ile ile inayomshinda mkulima wa bonde. Wanaofaidi ni wale walio juu milimani, ambako Oktoba haina ukali. Wa bondeni akishindana nao hupoteza mbolea, dawa na jasho.

Tusisahau maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika Juni bustani katika nyanda za Zambia hupoteza takribani milimita 4 kwa siku; katika Oktoba hupoteza karibu 7. Tuta la mita 10 za mraba linalonyweshwa kwa lita 40 hudai sasa lita 70, na wakati huo huo maji ya kisima cha bondeni yameshuka kuliko wakati wowote wa mwaka. Anayechota kwa ndoo na aizidishe hesabu hiyo kwa matuta 20, ndipo atakapoelewa kwa nini vijana huitupa bustani wiki mbili kabla ya kuvuna. Kutandaza majani makavu juu ya udongo na kunywesha jioni hupunguza hasara, ila hakuigeuzi Oktoba kuwa Julai.

Aliyekwisha kuchelewa asilazimishe nyanya. Bamia, ambayo Zambia huiita delele na Malawi therere, hulipenda joto. Kadhalika mchicha, kunde za majani, bilinganya na majani ya maboga, yale chibwabwa ya Wazambia. Mchicha huchumwa wiki 4 baada ya kusiwa. Si mboga za fahari sokoni, lakini hujaza chungu.

Ndugu askari, jambo hili lawahusu kwa karibu. Jeshi letu la Kujenga Taifa limelima tangu 1963, na Zambia National Service, iliyoundwa 1971, imelima vilevile. Nje ya vikosi hivyo, vituo vingi vya polisi na kambi nyingi zina bustani ya mboga nyuma ya nyumba za askari. Bustani hizo zina adui mmoja zaidi, nao ni uhamisho. Aliyesia Juni huenda Julai amepelekwa kituo kingine, na anayepokea hukuta miche imerefuka kitaluni, hajui ni ya lini. Kipande cha ubao kilichoandikwa tarehe ya kusia, kikasimamishwa penye tuta, kingeokoa mavuno mengi. Makabidhiano ya silaha huandikwa katika daftari. Sioni kwa nini ya kitalu yasiandikwe.

Mlio Tunduma na Mbozi mwaweza kuifuata hesabu ya Juni kama ilivyo. Mlio Makete na milima ya Uporoto hamna haja ya kuliogopa joto, ila baridi ya Julai ndiyo mwitazame. Na mlio katika mabonde ya chini yenye joto tangulieni kwa wiki 3 au 4, yaani sieni katikati ya Mei: kipupwe cha huko ni chepesi, miche hukua upesi, na Septemba kwenu imekwisha kuwa kali.