Ntambo, Maji na Muhtasari wa Kijiji

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wananchi wa Kata ya Mbuji kuhusu mamlaka ya jamii juu ya ardhi yake ya asili, mshikamano wa vijiji na hifadhi ya mazingira. Yanachapishwa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Jambo lililowakusanya wananchi hapa ni moja, ingawa lina majina mengi. Misitu iliyobaki juu ya vilele na chemchemi zinazotoka chini yake ni za nani, na nani ana kauli ya mwisho juu yake? Katika vijiji vya milimani wapo wanaotaka kilele kigawanywe ili vijana wapate pa kupanda kahawa. Wapo pia wanaotaka kilele kifungwe kabisa, asiguse mtu. Pande zote mbili zina sababu. Vijana hawakuzaliwa na ardhi mikononi, na chemchemi nazo hazina mkono wa kujitetea.

Kabla ya sheria, yafaa kutazama maji. Milima ya Umatengo, iliyoinuka kati ya mita 1,300 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hugawa mvua yake pande mbili. Maji ya upande mmoja hushuka katika Ziwa Nyasa, kisha hutoka kwa Mto Shire kule Malawi na kuingia Zambezi. Ya upande wa pili huzaa Mto Ruvuma, ambao chanzo chake ni milima hii hii, nao husafiri kilomita zipatazo 800, ukipakana na Msumbiji sehemu kubwa ya safari yake, hadi Bahari ya Hindi. Mkulima anayelima ukingo wa kijito hapa juu ana majirani wengi kuliko anavyodhani. Mvuvi wa Mbamba Bay ni mmojawapo. Ziwa Nyasa lina aina nyingi zaidi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wengi wao huzaliana karibu na ufuko, mahali pale pale ambapo tope la milimani hutua.

Wazee wa nchi hii waliyajua mambo hayo bila kufundishwa darasani. Karne ya kumi na tisa, vita na uvamizi viliwabana watu wengi katika miteremko mikali ambayo mgeni angeiona haifai hata kwa mbuzi. Waliishi humo kwa ngoro. Wakazi wa Mbuji hawahitaji kuelezwa ngoro ni nini, ila watoto wengi sasa huiona kama kazi ngumu tu ya wazazi, hivyo si vibaya kueleza akili iliyomo ndani yake. Mvua zinapoelekea mwisho, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kama chandarua kikubwa kilichotandazwa mlimani. Udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la chandarua na kufunika nyasi. Hubaki shimo lenye upana wa takriban mita moja na nusu, limezungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata, mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ndefu ya kukimbilia. Huanguka shimoni, hutulia, huacha udongo wake humo na kuzama polepole. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoza. Mzunguko ukiisha, mashimo huhamishwa, na mboji iliyojikusanya huwa tuta jipya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walikuja kuichunguza kazi hii katika miaka ya 1990, wakakuta kwamba inazuia mmomonyoko mahali ambapo matuta ya kawaida yangeporomoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Ngoro ingestahili kabisa kukaa jirani nacho.

Lakini ngoro peke yake haikuilinda nchi. Ilisimama ndani ya utaratibu wa ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, na ukoo mmoja uliushika kuanzia kileleni hadi bondeni: msitu juu, nyumba na migomba katikati, mashamba ya ngoro mteremkoni, bustani za kiangazi chini penye unyevu. Aliyekata msitu wa kileleni alikausha bustani ya mama yake mwenyewe. Hapakuhitajika askari wa misitu, kwa kuwa hasara ilirudi nyumbani kabla ya jioni. Na palipotokea ugomvi, palikuwepo sengu, yaani wanaume wa ukoo kula pamoja kwa mzee wao na kuzungumza shauri la siku. Sengu ilikuwa na upungufu wake mkubwa, nao utatajwa baadaye. Hata hivyo ilijua kitu ambacho kamati nyingi za leo zimekisahau, kwamba watu walioshiba pamoja hupata shida kudanganyana.

Sasa sheria. Duniani kote jamii nyingi zinadai haki ya kuitwa wenyeji asilia na kuwa na kauli juu ya ardhi za mababu zao. Tarehe 13 Septemba 2007 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Wenyeji Asilia kwa kura 144, na kura ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo. Hapa nyumbani, Serikali haiigawi nchi kwa kabila lililo asilia zaidi na lililo asilia kidogo, na ni vema mkutano huu usiingie katika mtego huo. Mbuji ina Wamatengo, ina Wangoni na Wanyasa, ina walimu na wauguzi waliopangiwa kazi kutoka mbali. Mamlaka inayozungumzwa hapa hutoka kwa kijiji, na kijiji ni watu wote wanaoishi humo.

Nayo mamlaka hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji. Haki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi, awe mjukuu wa kijiji au mwekezaji mwenye gari kubwa, bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia maoni ya kijiji. Ni heri wananchi waujue mpaka huo mapema, kabla mgeni hajafika na ramani yake.

Afrika Mashariki ina funzo la karibu juu ya jambo hili. Mwezi Oktoba 2009 Waogiek wa Msitu wa Mau, nchini Kenya, walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni, kwa maelezo kwamba msitu unapaswa kuhifadhiwa. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, jijini Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na kwamba hapakuwa na uthibitisho kuwa wao ndio walioumaliza msitu. Mwaka 2022 Mahakama hiyo hiyo iliagiza walipwe fidia na ardhi yao ipimwe na kumilikishwa kwao kwa pamoja. Hukumu hiyo ni ya heshima. Lakini ihesabiwe miaka: toka notisi hadi amri ya fidia ilipita zaidi ya miaka kumi na miwili. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipita njia nyingine. Walikaa na majirani zao, wakakubaliana mipaka, na mwaka 2011 wakapata Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina la jamii nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ardhi hufunguliwa kabla ya ugomvi.

Linabaki jambo zito zaidi, ambalo halipendezi kusemwa mbele ya umati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Katika bonde jembamba la Umatengo, mita 60 upande huu na 60 upande ule ni bonde zima. Humo ndimo zilimo bustani za kiangazi zinazolisha watoto mwezi wa Septemba. Kuwaambia akina mama waziache bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuwaonea, na kunyamaza kana kwamba sheria haipo ni kuwadanganya. Njia iliyo wazi ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, unaotengenezwa na wanakijiji wenyewe, ambamo kila kijito kinatazamwa kwa jina lake: wapi chemchemi inazungushiwa uzio wa miti ya asili, wapi mazao ya kudumu yanaondolewa, wapi familia inafidiwa kipande kingine. Milingoti iliyopandwa juu ya vyanzo ianze kuondolewa kwanza, maana inakunywa sana na hakuna mtoto anayeila. Maji ya kuoshea kahawa yasielekezwe mtoni. Yachimbiwe shimo, na maganda yarudishwe shambani kuwa mbolea. Hayo yanaweza kuanza msimu huu bila kusubiri bajeti.

Na sasa upungufu wa sengu. Ilikuwa ya wanaume. Katika ngoro, mwanamke ndiye anayechimba mashimo na kufunika nyasi kwa udongo, lakini ardhi hupita kwa baba kwenda kwa mwana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Wazee wanaotaka mila iheshimiwe wataheshimiwa zaidi wakianza wao wenyewe kuwataja binti na wajane katika hati za familia.

Mfano wa kuirekebisha sengu bila kuizika upo wilayani humu humu. Kijiji cha Kindimba, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine, kiliunda kamati iliyochukua jina la sengu na kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na nguvu ya maji. Wananchi walitoa jasho lao. Mashine ilipoanza kuzunguka, msitu wa juu ukapata maana mpya: maji yakipungua, unga hausagwi. Watu wakapanda miti bila kuhimizwa sana. Hotuba ngapi zimewahi kufanya hivyo?

Kuhusu mshikamano, neno ni fupi. Kijito hakijui mpaka wa kijiji. Sheria inaruhusu vijiji viwili au zaidi kuandikiana makubaliano ya kutumia na kuhifadhi ardhi kwa pamoja, na vijiji vinavyochangia bonde moja vitumie nafasi hiyo. Chombo cha watumia maji kinachosimamia mabomba, chini ya uangalizi wa RUWASA, kialikwe katika mazungumzo hayo toka siku ya kwanza, kwani bomba bila chanzo ni chuma tu.

Kwa hiyo, vijiji vinavyotaka kutenga msitu wa kilele kuwa Hifadhi ya Msitu ya Kijiji, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu, au vinavyotaka sehemu yake igawiwe vijana, vifikishe jambo hilo kwenye Mkutano Mkuu wa kawaida, ule wa kila miezi mitatu. Wazee wa koo watembee mpaka pamoja na vijana na majirani wa kijiji cha pili kabla ya mkutano. Majina ya vijito, miti na mawe ya mpaka yaandikwe kama yanavyotamkwa na wenyeji, pamoja na mahali penye heshima ya kimila, likiwemo Jiwe la Mbuji. Sheria ndogo iandaliwe na Halmashauri ya Kijiji, isomwe mbele ya Mkutano Mkuu kwa maoni, kisha iletwe Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Muhtasari uwe na tarehe, idadi ya wanaume na wanawake waliohudhuria, hoja za waliokataa na hesabu ya kura, na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatanishwe. Muhtasari usio na orodha hiyo hurudishwa kijijini. Ofisi ya ardhi na ofisi ya misitu ya wilaya zinapokea maombi ya wataalamu wa kusaidia kupima na kuandaa mpango kwa barua ya Mtendaji wa Kijiji, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata.