Kliniki ya mtoto haisubiri janga lipite



Machi 16, 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku iliyofuata ikatolewa amri ya kufunga shule. Kliniki za watoto hazikuamriwa kufungwa. Hata hivyo, mzazi aliyeambiwa kila siku aepuke msongamano alikuwa na haki ya kujiuliza: nimpeleke mwanangu mzima mahali walipo wagonjwa?

Mimi simlaumu. Katika zahanati zetu nyingi, mama mwenye kichanga na mzee anayekohoa huketi benchi moja. Kwa sera ya Serikali matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, lakini nauli ya kutoka kijiji cha ndani huko Bahi au Chamwino si bure. Hofu ikiongezeka juu ya nauli, safari huahirishwa.

Tatizo ni kwamba maradhi hayaahirishwi. Chanjo inayokinga kifaduro, donda koo na pepopunda hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ya surua ni miezi 9, kisha miezi 18. Mtoto mwenye selimundu au kifafa naye ana tarehe yake, na dawa zikimwishia hali yake huweza kubadilika ghafla. Kumbe tunaweza kukimbia ugonjwa mmoja tukayafungulia mlango mengine.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kuwa mwaka 2021 watoto wapatao milioni 25 duniani walikosa walau dozi moja ya chanjo hiyo ya kifaduro na wenzake. Hapa nchini surua ililipuka mwaka 2022, na Februari 2024 ikafanyika kampeni ya kuchanja watoto wa miezi 9 hadi 59. Sisemi yote yaliletwa na korona. Nasema pengo la chanjo halizibwi na kimya.

Mei 2023 dharura ya dunia ilitangazwa kumalizika. Janga jingine laweza kuja. Likija, tangazo la kuepuka msongamano liandamane na jingine: kliniki ya watoto ipo, siku fulani, saa fulani, na mlango wake ni ule pale.

Tena, yuko mama aliyepitwa na tarehe, akaacha kwenda kabisa kwa kuogopa kufokewa mbele ya wenzake. Jina lake limo katika daftari la kliniki. Mhudumu wa afya wa kijiji au mtaa amfuate nyumbani. Na akifika kliniki, aulizwe mtoto anaendeleaje kabla ya kuulizwa alikuwa wapi.

Nanyi wazazi, leo jioni itoeni kadi sandukuni mkaitazame. Mkiona nafasi tupu, mpelekeni mtoto. Muuguzi atawaambia ni chanjo gani bado inawezekana.