Ustawi wa Hisia na Roho Katika Uponyaji: Rufaa Iliyokosa Njia Kati ya Nyumba za Maombi, Waganga na Vituo vya Afya Nchini Tanzania

Tafsiri za msingi zinafahamika kwa washiriki wengi wa semina hii, na mada haitakawia hapo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosekana kwa maradhi tu. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaitambua pia sehemu ya kiroho. Ustawi wa hisia ni uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na kuzieleza bila kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Ustawi wa kiroho ni hali ya mtu kuyaona maisha yake yana maana, na kujiona ana uhusiano na Mungu, na wenzake au na waliomtangulia.

Familia iliyokumbwa na ugonjwa wa akili mara nyingi haianzii kwenye dirisha la dawa. Huanzia kwa sheikh atakayemsomea mgonjwa dua au kumwandikia kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na maji yake yakanywewa. Au huanzia kwa mchungaji mwenye karama ya kuombea, au kwa mganga wa pepo. Huko mgonjwa huitwa kwa jina lake, ndugu hukaa naye, ugomvi uliozikwa ndani ya ukoo hufukuliwa na watu wakaombana radhi, mambo ambayo muuguzi mmoja mwenye foleni ndefu hawezi kuyatoa hata akitaka. Mtaalamu wa afya anayeyadharau anadharau sehemu ya tiba, na mada hii haina ugomvi na dua.

Tatizo lenyewe ni kwamba katika nyumba nyingi za maombi mambo matatu hukutana kwa wakati mmoja: mgonjwa hukesha, hufunga na huacha dawa. Kila moja lina athari inayojulikana kitabibu. Kukosa usingizi kwa siku mfululizo kunaweza kumrudishia wazimu wa furaha iliyopindukia mgonjwa aliyekuwa ametulia, na kunaweza kuamsha kifafa. Kufunga bila maji humhatarisha mgonjwa anayetumia lithiamu, kwa kuwa mwili ukikaukiwa kiwango cha dawa hiyo katika damu hupanda hadi kuwa sumu. Kuacha ghafla fenobabito, dawa ya kifafa inayotumika sana vijijini, kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, hali inayoweza kuua. Mgonjwa akianguka katikati ya ibada, waliomzunguka huona pepo amekasirishwa na maombi, hivyo maombi huongezwa na mkesha ukarefushwa. Kila mtu katika chumba hicho anatenda kwa nia njema, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kulikemea.

Nchi ilishaliona jambo hili kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri aliyesema ameoteshwa na Mungu. Wapo wagonjwa walioondolewa hospitalini na ndugu zao ili wafikishwe huko, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari. Mjadala wa wakati ule ulijikita katika swali la kama dawa inaponya au haiponyi. Swali la nani alipaswa kukaa kando ya ile foleni akiwaambia watu wasiache dawa zao halikupata mwenyewe, na hadi leo bado linamtafuta.

Sababu ya swali hilo kukosa mwenyewe ni ya kiutawala kuliko ya kiimani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga chini ya wizara inayohusika na afya. Mchungaji anayeombea wagonjwa haguswi na sheria hiyo, kwa kuwa jumuiya za dini husajiliwa upande wa mambo ya ndani, na huko huangaliwa kama jumuiya, si kama mahali wagonjwa wanapolala. Ngazi ya rufaa nayo huanzia zahanati, hupita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, kisha hupanda hadi mkoa na kanda. Mgonjwa wa akili anaweza kufika hata hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, bila karatasi yake kuonyesha kwamba kabla ya zahanati alikaa miezi katika kambi ya maombi. Na hata pale kiongozi wa dini anapokubali kumpeleka mgonjwa zahanati, kwa kawaida harudishiwi neno lolote. Mgonjwa humezwa na hospitali, na aliyemleta husikia habari zake sokoni. Mtu huyo hatamleta wa pili. Hoja hii imewasilishwa katika vikao vingi vya aina hii, ikapigiwa makofi, ikaingizwa katika maazimio na ikaishia humo. Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, ambazo zina majukumu mengi na bajeti finyu, hali hiyo haivumiliki tena.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila halmashauri iandae karatasi moja ya rufaa yenye vipande viwili, kimoja cha kumpeleka mgonjwa na kingine cha mrejesho, na kwamba kipande cha mrejesho kiandikwe kwa ridhaa ya mgonjwa, bila kutaja siri zake, kikieleza tu kwamba amepokewa, kama anaendelea na dawa na lini atarudi. Inapendekezwa viongozi wa dini wafundishwe mambo matatu pekee: kutomwachisha mtu dawa, kutomkesheza mwenye kifafa, na kutomfungisha anayetumia dawa kabla hajamwona mtaalamu, ambaye kwa baadhi ya dawa anaweza kuhamishia dozi ya mchana wakati wa futari au daku. Inapendekezwa pia wahudumu wa afya wafundishwe kumuuliza mgonjwa, bila kejeli, ameombewa wapi na amekunywa nini. Wizara mbili zinazogawana suala hili zikubaliane kwa maandishi nani anakagua kambi ambamo wagonjwa hulala, na kuwafunga wagonjwa minyororo kupigwe marufuku humo kwa namna inayotekelezeka. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya na mratibu wa tiba asili wakae kikao kimoja na viongozi wa dini kila robo mwaka. Mrejesho, kwa mara nyingine, uwe wa lazima. Mwisho, gharama ya kuchapa karatasi hizo iingizwe katika mpango wa afya wa halmashauri kama kifungu chake chenyewe, kwa kuwa karatasi inayotegemea mfadhili huisha siku mradi unapofungwa.